Louis Pasteur, mtoto wa fundi wa ngozi aliyefumbua siri ya vinegre

Mama yeyote wa Kabambare anayesaga pilipili na kuitia ndani ya chupa anajua hasara hii. Chupa moja hukaa miezi bila shida. Nyingine, iliyojazwa siku ileile na kwa mkono uleule, huanza kutoa povu baada ya siku chache. Kifuniko kinaruka, harufu inabadilika, na pesa ya pilipili, ya chumvi na ya chupa imekwenda bure. Mara nyingi tofauti ya chupa hizo mbili ni kiasi cha siki iliyotiwa ndani, ile ambayo wengi Maniema huiita vinegre.

Mtu aliyefungua njia ya kuelewa jambo hilo ni Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa aliyefariki tarehe 28 Septemba 1895. Wanafunzi wa Kongo humsikia darasani kwa sababu ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina lake limo pia kwenye pakiti za maziwa yaliyopitishwa motoni ili yasiharibike. Lakini kabla ya chanjo kulikuwa na vinegre. Pasteur aliichunguza kwa miaka kadhaa, akawafundisha waliokuwa wanaitengeneza, na mwaka 1868 akatoa kitabu kizima juu yake.

Mtoto wa Arbois

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa sajini katika jeshi la Napoleon, na baada ya vita akarudia kazi ya ukoo wao: kutengeneza ngozi za wanyama. Louis alipokuwa bado mtoto mdogo, familia ilihamia Arbois, mji wa mashamba ya mizabibu. Huko alikulia kati ya harufu mbili: ya ngozi zilizolowekwa uani kwa baba yake, na ya divai iliyokuwa ikichacha ndani ya mapipa ya majirani.

Shuleni hakuwa mtoto wa ajabu. Alipenda kuchora, na picha alizochora za mama yake na baba yake zimehifadhiwa hadi leo. Alipofanya mtihani wa mwisho wa masomo ya sayansi mwaka 1842, alama yake ya kemia ilikuwa ya kawaida tu. Mwaka huohuo alikubaliwa kuingia École normale supérieure ya Paris, shule kubwa ya kuandaa walimu, lakini hakuridhika na nafasi aliyopata. Alirudi kusoma mwaka mzima, akarudia mtihani, akaingia mwaka 1843 akiwa kati ya wa kwanza.

Utafiti wake wa kwanza mkubwa ulitoka pia kwenye divai. Mwaka 1848, akiwa na miaka 25, alichunguza chembe za asidi inayoganda ndani ya mapipa ya divai. Akaonyesha kwamba chembe zilizofikiriwa kuwa za aina moja zilikuwa za aina mbili, moja ikifanana na nyingine kama mkono wa kuume na wa kushoto. Jina lake likaanza kujulikana. Mwaka uliofuata alimuoa Marie Laurent mjini Strasbourg. Mama huyo hakubaki jikoni tu: jioni aliandika maneno ambayo mumewe alimtajia, akanakili maandishi yake, akafuata majaribio yake siku kwa siku. Walizaa watoto watano.

Kwa nini kinywaji kinachacha

Mwaka 1854 Pasteur alitumwa Lille, kaskazini mwa Ufaransa, kuongoza kitivo kipya cha sayansi. Ulikuwa mji wa viwanda. Mwaka 1856 mwenye kiwanda kimoja cha pombe, bwana Bigo, alimjia na shida. Alikuwa akitengeneza pombe kutoka kwa viazisukari, na mapipa mengine yalikuwa yanaharibika na kuwa machachu bila sababu inayoonekana. Pasteur akachukua matone ya kila pipa na kuyaweka chini ya darubini.

Wakati huo wataalamu wengi wa kemia, akiwemo Mjerumani maarufu Justus von Liebig, walishika wazo kwamba kuchacha ni kuoza tu. Kwao, vitu vilivyokufa vinavunjika, na mtikisiko wao unavunja sukari iliyo karibu. Pasteur aliona kitu kingine. Ndani ya pipa zuri kulikuwa na chembe za hamira, zenye uhai na zinazozaana. Ndani ya pipa lililoharibika kulikuwa na viumbe vya aina nyingine. Mwaka 1857 alitoa maandishi juu ya uchachu wa maziwa, akaeleza kwamba kila aina ya kuchacha ina kiumbe chake kidogo. Anayetia sukari pombe ni mmoja, anayechachusha maziwa ni mwingine.

Mtu wa Kabambare anayeijua malafu haoni ajabu sana hapo. Ikigemwa asubuhi ni tamu. Jioni imekuwa kali. Ikiachwa siku kadhaa bila kufunikwa, inakuwa chachu kiasi kwamba hakuna anayeitaka tena kama kinywaji. Ni kazi mbili, moja baada ya nyingine. Kwanza hamira inakula sukari na kutoa pombe. Kisha kiumbe kingine kinakula pombe ileile kikisaidiwa na hewa, na kutoa asidi. Asidi hiyo ikiwa ndani ya maji ndiyo vinegre.

Sehemu ya pili ya safari hiyo ndiyo iliyomshughulisha Pasteur alipokuwa amerudi Paris. Kuanzia mwaka 1861 alianza kutangaza matokeo yake juu ya vinegre, na mwaka 1864 akaandika maelezo marefu zaidi. Alionyesha kwamba utando mwembamba unaoelea juu ya divai inayogeuka kuwa vinegre si uchafu. Ni mkusanyiko wa viumbe hai, ambavyo aliviita Mycoderma aceti. Leo vinajulikana kuwa bakteria. Hivyo ndivyo vinavyochukua oksijeni ya hewa na kuipeleka kwenye pombe. Utando ukizama, kazi inasimama. Ukielea, kazi inaendelea.

Aligundua pia jambo ambalo kila mwenye chupa angepaswa kulijua. Pombe ikiisha na utando ukabaki na hewa, viumbe vile havipumziki. Vinaanza kula asidi yenyewe iliyotengenezwa, na kuigeuza kuwa maji na hewa ya kaboni. Vinegre inapoteza nguvu. Ndiyo sababu vinegre iliyokamilika inapaswa kujazwa hadi juu na kufungwa vizuri, na si kuachwa wazi nusu chupa.

Watengenezaji wa Orléans

Katika miaka hiyo mji wa Orléans, kando ya mto Loire, ulikuwa na sifa kubwa ya vinegre nchini Ufaransa. Divai ilifika kwa mashua, na ile iliyokuwa imechachuka njiani haikutupwa, iligeuzwa kuwa vinegre. Watengenezaji walilaza mapipa ya mbao, wakaacha nafasi ya hewa juu, wakawa wanatoa vinegre kidogo na kuongeza divai kidogo baada ya siku kadhaa. Ilikuwa kazi ya uvumilivu. Pipa lilihitaji wiki nyingi kabla ya kushika mwendo, na likilala, hakuna aliyejua kwa nini.

Ndani ya mapipa hayo mliishi pia vijidudu vyembamba kama nyuzi, vinavyojinyonganyonga na kuonekana hata kwa macho ukiiweka vinegre penye mwanga. Watengenezaji wengi waliamini kwamba vijidudu hivyo ndivyo vinavyotengeneza vinegre, wakavilinda. Pasteur aliwaambia kinyume chake. Vijidudu hivyo vinahitaji hewa kama utando unavyoihitaji, hivyo vinashindana nao. Vikishinda, vinauzamisha, na pipa linakufa.

Tarehe 11 Novemba 1867 alikwenda Orléans kuzungumza na watengenezaji hao na wakubwa wa mji. Hakuwaletea maneno ya vyeo. Aliwaeleza njia: chukua chombo kipana kisicho na kina kirefu, tia maji yenye pombe kidogo, ongeza vinegre kidogo iliyokwisha kuiva, kisha panda juu yake utando ulio safi. Katika siku chache kazi inaenea juu ya chombo chote. Ikimalizika, pasha vinegre moto ili kuua vijidudu na mabaki ya utando, halafu ifungwe.

Katika njia hiyo kuna hatua moja ndogo yenye uzito mkubwa kwa anayesaga pilipili. Kwa nini kutia vinegre ndani ya kitu ambacho bado hakijawa vinegre? Kwa sababu uchachu huo wa kwanza unafunga mlango. Viumbe vingine ambavyo vingependa kukaa juu ya kinywaji na kukiharibu havivumilii asidi, lakini kile cha vinegre kinaivumilia. Asidi inachagua nani aingie na nani abaki nje.

Pasteur alikuwa ameandikisha haki ya uvumbuzi wa njia yake ya kutengeneza vinegre mwaka 1861. Angeweza kudai malipo kwa kila kiwanda. Aliiachia umma itumike bure. Maneno aliyosema Orléans yalichapishwa mwaka 1868, na ndiyo msingi wa kitabu chake juu ya vinegre.

Msiba nyumbani

Miaka hiyo ya ushindi ilikuwa pia miaka ya kaburi. Binti yake wa kwanza, Jeanne, alifariki mwaka 1859 kwa tifoidi, akiwa Arbois kwa babu yake. Mwaka 1865 baba yake Pasteur alifariki. Mwaka huohuo mtoto mdogo, Camille, alifuata. Mwaka 1866 tifoidi ilimchukua Cécile. Kati ya watoto watano walibaki wawili, Jean-Baptiste na Marie-Louise. Mtu aliyewaonyesha wenye mapipa kwamba adui ni kiumbe kisichoonekana hakuwa na silaha yoyote dhidi ya viumbe visivyoonekana vilivyoingia nyumbani mwake.

Tarehe 19 Oktoba 1868 kiharusi kilimpiga. Alikuwa na miaka 45. Upande wa kushoto wa mwili wake ulilemaa, na wengi walifikiri kwamba mwisho umefika. Aliendelea kutembea kwa kuburuta mguu, mkono wa kushoto ukiwa mgumu, na kazi zake zilizojulikana zaidi duniani zilifanywa baada ya siku hiyo.

Wakati huohuo, Kabambare yenyewe ilikuwa na mgonjwa aliyejulikana kote Ulaya. Mmisionari Mskoti David Livingstone alifika hapo mwezi Septemba 1869. Katika maandishi yake aliiita Bambarre. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza hapo kwa miezi, hakuweza kuondoka hadi Februari 1871. Alikuwa daktari, lakini alisomea udaktari kabla wazo la mikrobi halijaingia hospitalini. Daktari wa upasuaji Joseph Lister alikuwa ameanza tu, mwaka 1865 huko Glasgow, kuosha vidonda kwa dawa inayoua mikrobi, baada ya kusoma kazi za Pasteur juu ya kuchacha. Hivyo hoja iliyoanzia kwenye mapipa ya pombe na vinegre ilikuwa njiani kuelekea kwenye vidonda vya wagonjwa, lakini haikuwa imefika Maniema.

Chupa ya Louisiana

Mwaka uleule wa 1868, mbali na Ufaransa, mtu mwingine alikuwa akivuna shamba lake la kwanza la pilipili kwa ajili ya biashara. Ni Edmund McIlhenny wa Avery Island, katika jimbo la Louisiana, Marekani. Alikuwa mtu wa benki ambaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimwacha bila kazi. Alisaga pilipili nyekundu, akachanganya na chumvi ya kisiwa hicho, akaiacha itulie, kisha akaongeza vinegre ya divai nyeupe kutoka Ufaransa. Akaiita Tabasco. Akaijaza ndani ya chupa ndogo kama za manukato, kwa sababu matone machache yalitosha. Aliandikisha uvumbuzi wake mwaka 1870.

Pilipili ile ni jamaa wa karibu wa pilipili ndogo kali inayoota nyuma ya nyumba nyingi za Kongo. Wataalamu wa mimea huziweka katika kundi moja. Zote asili yake ni Amerika. Zilivuka bahari baada ya safari za Columbus, kwa meli za Wareno hasa, zikaingia Afrika na kukaa kana kwamba zilizaliwa hapa. Hata jina piri-piri linalotumika sasa katika migahawa ya dunia limetokana na neno la Kiswahili, pilipili.

McIlhenny na Pasteur hawakufanya kazi pamoja. Mmoja alitafuta ladha na soko, mwingine alitafuta sababu. Lakini sababu aliyoipata Pasteur ndiyo inayoeleza kwa nini chupa ya McIlhenny iliweza kusafiri kwa meli na kukaa mezani bila barafu.

Vinegre inafanya nini ndani ya pilipili

Watu wengi hudhani kwamba ukali wa pilipili ndio unaoilinda. Inachoma mdomo, basi lazima itachoma mikrobi pia. Si hivyo. Pilipili mbichi iliyosagwa ni tunda lenye maji na sukari, na ukiiacha kwenye bakuli itaota ukungu kama nyanya. Kinachoilinda ni uchachu.

Uchachu hupimwa kwa kipimo kinachoitwa pH. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyopanda. Pilipili mbichi iko karibu na 5. Vinegre ya dukani, yenye asidi kama asilimia 5, iko chini ya 3. Ikitiwa ya kutosha, mchanganyiko wote unashuka chini ya 4.6, na hapo mlango unafungwa kwa adui mbaya kuliko wote wa vyakula vya kwenye chupa.

Adui huyo alipatikana Ubelgiji mwaka uleule Pasteur alipofariki. Mwezi Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles, wanamuziki waliotoka kupiga muziki kwenye mazishi walikula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi. Watatu kati yao walikufa. Profesa Émile van Ermengem wa chuo kikuu cha Gent alichunguza nyama hiyo na kupata bakteria ambayo leo inaitwa Clostridium botulinum. Mbegu zake zimo katika udongo. Hukua pasipo na hewa, ndani ya chakula kisicho na uchachu wa kutosha, na hutoa sumu inayolemaza mwili. Sumu hiyo mara nyingi haina harufu wala ladha ya kumwonya mtu.

Hapo ndipo habari ya vinegre inapoacha kuwa ya ladha peke yake. Pilipili iliyotiwa ndani ya mafuta tupu, pamoja na vitunguu saumu vilivyotoka udongoni, kisha ikafungwa na kuwekwa miezi bila frigo, ina mazingira yote ambayo bakteria hiyo inayapenda. Mafuta yanazuia hewa, lakini hayaleti uchachu. Mawese hufanya pilipili kuwa nzuri, na ikiliwa siku ileile hakuna neno. Tatizo ni kuihifadhi. Hapo uchachu unahitajika.

Chupa inayotoa povu ina kosa la namna nyingine. Mara nyingi mpishi ameongeza nyanya, vitunguu au maji ili chupa zijae haraka, na vinegre imebaki ileile. Kila kikombe cha maji kinapunguza nguvu ya asidi. Hamira zinapata nafasi, zinakula sukari, zinatoa hewa, na kifuniko kinaruka. Kuongeza chumvi kunasaidia. Kuchemsha mchanganyiko na kuutia ungali moto ndani ya chupa iliyochemshwa kunasaidia zaidi. Lakini msingi ni kiasi cha vinegre. Ndimu nayo huleta uchachu, ila nguvu yake hubadilika kutoka tunda moja hadi jingine, na hivyo ni vigumu zaidi kuitegemea kwa chupa za kuuza.

Kwa upande wa ladha, vinegre ina kazi zake. Asidi yake huruka hewani kwa urahisi, kwa hiyo pua huipata kabla ulimi haujaguswa na pilipili. Inaleta mate mdomoni. Inakata uzito wa mafuta ya samaki au nyama. Inalainisha pilipili iliyosagwa ili iteremke kutoka kwenye chupa. Haiondoi ukali, kwa sababu kinachochoma ndani ya pilipili huyeyuka vizuri kwenye mafuta na pombe, na vibaya kwenye maji. Ndiyo maana mtu aliyezidiwa hasaidiwi na maji mengi, na ndiyo maana pilipili ya vinegre hupiga haraka, wakati ile ya mawese inakawia mdomoni.

Kutoka kwenye mapipa hadi kwenye chanjo

Baada ya kiharusi Pasteur aliendelea. Alimaliza utafiti wa ugonjwa wa viwavi wa hariri uliokuwa ukiwafilisi wakulima wa kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1876 alitoa kitabu juu ya bia. Njia yake ya kupasha divai moto wa kiasi, kati ya nyuzi 50 na 60, ili kuua viumbe vinavyoiharibu, ilihamia kwenye vinywaji vingine na baadaye kwenye maziwa. Kisha akageukia magonjwa ya wanyama na watu.

Mwezi Mei 1881, huko Pouilly-le-Fort, alichanja kondoo dhidi ya kimeta mbele ya watu wengi. Waliochanjwa waliishi, wasiochanjwa walikufa. Tarehe 6 Julai 1885 aliletewa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Pasteur hakuwa daktari, kwa hiyo sindano zilitolewa na madaktari chini ya uongozi wake. Mtoto alipona. Pesa zikakusanywa kutoka nchi nyingi, na tarehe 14 Novemba 1888 taasisi yenye jina lake ikafunguliwa Paris.

Maisha yake hayakuwa bila doa. Alikuwa mgumu kwa wapinzani na alipenda sifa ziende kwake. Madaftari yake ya maabara yalikaa mikononi mwa familia kwa miaka mingi. Watafiti walipopata nafasi ya kuyasoma, walikuta kwamba chanjo ya Pouilly-le-Fort haikutengenezwa kwa njia ambayo umma uliachwa kuamini. Pasteur alikuwa akieleza juu ya kudhoofisha mikrobi kwa hewa. Chanjo iliyotumika ilidhoofishwa kwa dawa ya kemikali na msaidizi wake Charles Chamberland, kwa namna iliyokaribiana na ile ya mpinzani wake, daktari wa mifugo Henri Toussaint. Chanjo ilifanya kazi, lakini Toussaint hakupewa haki yake.

Pasteur alifariki Marnes-la-Coquette, karibu na Paris, akiwa na miaka 72. Ufaransa ilimpa mazishi ya kitaifa, na mwili wake umelazwa ndani ya taasisi yake.

Anayesaga pilipili Kabambare leo anaijaza chupa ambayo labda itakwenda kwa pikipiki hadi Kasongo, au upande wa migodi ya Salamabila, kwa barabara ambayo mvua ikinyesha hakuna anayejua siku ya kufika. Njiani hakuna frigo. Vinegre ni kati ya vitu vya bei ghali katika kazi hiyo, na kishawishi cha kuizidisha kwa maji ni kikubwa. Anayeipunguza anaweza kuokoa pesa kidogo siku ya kusaga. Ataipoteza siku kifuniko kitakaporuka, na kuna siku ambapo kinachopotea si pesa.